Matundu Kumi na Mawili

Pijo 504 ukiitazama usoni utadhani imetoka kulia sasa hivi. Taa zake za mbele zimelala upande, kama macho ya mtu aliyekesha matangani, na hata ukiipaka rangi, ukaiosha, ukaipiga nta, huzuni ile haitoki. Ndivyo ilivyochorwa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka wa 1968, na sidhani kama walioichora walikuwa na habari za barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi. Kazi ya kuimalizia kuichora tuliifanya sisi huku.

Yetu ni pikapu. Namba yake ina herufi tatu na tarakimu tatu, basi. Haina ile herufi ya mwisho, kwa hiyo hata kabla hujaona logbuku unajua ilisajiliwa kabla ya 1989, mfumo wa KAA haujaanza. Babu aliinunua 1986, alipostaafu reli na kupokea kiinua mgongo chake. Wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akanunua Pijo, akaipeleka Voi kwa fundi wa kuchomelea, akamwambia atoboe sakafu ya bodi matundu kumi na mawili, sita kila upande.

Kama umezaliwa baada ya 2000 labda huzijui matatu za pikapu, kwa hiyo wacha nieleze. Matatu zilikuwepo zamani kabla ya minyanya na magrafiti. Jina lenyewe linatokana na nauli ya mwanzo, senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta akaziruhusu zibebe watu bila leseni ya uchukuzi, na kila mwenye pikapu akaanza kuitazama kwa jicho jingine. Unajenga fremu ya bomba nyuma, unaifunika bati, unafunga viti viwili virefu vya mbao, abiria wanakaa wakitazamana magoti kwa magoti. Makanga ananing'inia mlangoni. Kuku yuko chini, gunia la mahindi liko juu kwenye keria, na mtoto wa mtu usiyemjua yuko mapajani mwako. Matundu kumi na mawili ya babu yalikuwa ya boliti za viti hivyo.

Pijo ilipanda na kushuka vilima vya Taita hivyo kwa miaka kumi na saba. Halafu zikaja sheria za Michuki. Kufikia Februari 2004 kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano ubavuni. Pikapu yenye viti vya mbao ungeifunga mikanda wapi? Babu hakubishana. Alifungua boliti, akavitoa viti, akavipeleka nyumbani. Viko hadi leo, na kukiwa na msiba ndivyo vinavyokaliwa na wazee. Fremu ikabaki. Matundu yakabaki. Pijo ikaanza kubeba nyanya na kabichi hadi soko la Kongowea.

Babu alifariki 2017. Mjomba akaileta Mombasa, Mikindani, akaifanya ya kubebea mitungi ya maji na mchanga wa ujenzi. Mwaka wa 2019 injini ikakwama, akaisukuma kando ya nyumba, na hapo ikakaa. Ukiwa Mikindani huoni mawimbi, lakini upepo wa kijito cha Tudor unakufikia vizuri tu. Gari lililoishi miaka thelathini kwenye ukungu wa Taita bila shida likaliwa na chumvi katika miaka mitatu.

Januari 2022 mjomba alikubaliana na mnunuzi wa chuma chakavu, sh 35,000, aje alichukue Jumamosi. Wiki hiyohiyo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, kwa sababu ya watu waliokuwa wakiharibu nguzo za stima na miundombinu mingine. Jumamosi mnunuzi hakuonekana. Mimi siamini sana mambo ya ishara, lakini nilienda kwa mjomba Jumapili.

"Mjomba, hiyo Pijo nitainunua mimi."

"Wewe na pesa gani, mpwa wangu?"

"Hizohizo 35,000. Elfu tano kila mwezi."

Alicheka, halafu akaona sichekei naye. Marufuku ilipoondolewa mwezi wa Mei, nilikuwa nimeshalipa elfu ishirini na silinda hedi iko mezani kwa fundi.

Hapa lazima niseme habari ya chuo, kwa sababu mama alihakikisha hazitenganishwi. Nilikuwa nasomea Takwimu, mwaka wa tatu. Karo ikalimbikizana hadi sh 84,000, mkopo haufiki hata nusu, na siku moja jina langu halikuwemo kwenye orodha ya watakaofanya mtihani. Nikarudi nyumbani. Nikaanza kuandikia watu mtandaoni, maelezo ya bidhaa na vikepsheni vya hoteli za Diani nisizowahi kulala, senti hamsini kwa neno. Ukiandika maneno elfu mbili kwa siku unapata elfu moja, ukiondoa bando na stima unapata hasira. Kwa hiyo mama aliposikia nimenunua gari lisilotembea, alikuwa na haki ya kuuliza.

"Baba yangu alinunua Pijo hiyo isomeshe watoto," alisema. "Sasa wewe unachukua pesa ya kusoma unainunulia Pijo?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sikujifanya ninalo.

Tulilivuta gari hadi yadi moja ya jua kali Changamwe, chini ya mwarobaini, kwa mzee mmoja ambaye amefungua Pijo tangu zikiwa mpya. Yeye ni wa injini. Wa bodi ni kijana mwingine, ana mtungi wa gesi na miwani yenye ufa. Siku ya kwanza kijana huyo alinipa nyundo ndogo, akaniambia niizungukie gari nikigonga taratibu. Bati zima linalia. Bati lililokufa linanong'ona. Na kuna sauti ya tatu, nzito, kama kugonga mkate uliochacha, ambayo ni puti. Watu walishapitia hapa kabla yetu, badala ya kukata kutu wakaifunika kwa puti na rangi, wakauza au wakaahirisha. Tulikwangua puti ya unene wa kidole kwenye kizingiti cha mlango wa dereva. Chini yake hapakuwa na kizingiti.

Sakafu upande wa abiria ilikuwa na kiraka cha ajabu. Tulipong'oa zulia, tukakuta debe la Kimbo limepasuliwa, likanyooshwa, likapigwa ribiti kufunika shimo. Maandishi bado yanasomeka. Nilitaka libaki, nikapiga picha, nikawaza kichwa cha habari kabisa. Fundi akanitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia. Bati la debe ni jembamba, ukilisogezea moto linatoboka. Alikata akatupa, akaweka bati la geji 16, na nakubaliana naye kabisa. Mguu wa abiria hauwezi kushikiliwa na kumbukumbu.

Rangi ndiyo ilinipa kazi ya kufurahisha. Ukisugua kwa msasa na maji, tabaka zinatoka moja baada ya nyingine. Juu ilikuwa nyeupe ya mjomba, ya brashi. Chini yake buluu ya kabichi na nyanya. Chini ya buluu kijani cha enzi za matatu, na kwenye kijani kile hakuna mstari wa manjano hata kidogo, ushahidi kwamba iliacha kubeba watu kabla sheria haijaifikia. Chini kabisa krimu ya kiwandani, laini kama ganda la yai, imebaki tu mahali ambapo jua halikufika, nyuma ya kibao cha namba na ndani ya bawaba za milango.

Injini sasa. Watu husifu Pijo kwamba haifi, kama vile ina dawa. Haina dawa. Ina slivu. Kwenye injini nyingi silinda imechongwa moja kwa moja ndani ya bloku, ikilika unapeleka bloku kwa mtu wa mashine aipanue, na huwezi kuipanua milele. Injini hii ya 504, yenye ujazo wa sentimita 1,796, silinda zake ni mikebe ya chuma inayopachikwa, maji ya kupoza yakizunguka nje yake. Mikebe ikilika unaichomoa, unaweka minne mipya na pistoni zake, bloku ileile inaanza maisha upya. Mtu anaweza kuifanya kazi hiyo chini ya mwarobaini. Ndiyo maana Wafaransa walipoacha kutengeneza saluni yake 1983, hapa Kenya na kule Nigeria ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baadaye. Si ugumu wa chuma. Ni kwamba aliyeiunda alifikiria siku itakapoharibika.

Ila kuna masharti. Kila slivu lazima itokeze juu ya bloku kiasi kidogo sana, sehemu ya milimita, ili gasketi ya hedi iikandamize sawasawa. Ikizama, maji yanaingia kwenye oili. Mzee anapima kwa ukucha. Anapitisha kidole gumba juu ya ukingo, anafumba macho, anasema "hii iko juu kidogo." Mimi nikanunua vipimo vya bati Kirinyaga Road nilipoenda Nairobi kutafuta spea, nikapima zote nne, mara tatu kila moja, nikaandika kwenye daftari na kutafuta wastani. Mwaka wa tatu wa Takwimu, jamani, si wa kutupwa. Ukucha wake ulikuwa umeona slivu ileile ambayo namba ziliiona. Hakusema kitu. Kesho yake alinikabidhi daftari lake la madeni akaniuliza kama naweza kulipanga pia.

Mafundi wengine pale yadi walinishauri nitoe injini nzima nitie ya Toyota, dizeli. Wengi wamefanya hivyo na magari yao yanatembea vizuri tu, sina kelele nao. Nilipiga hesabu. Injini na giaboksi, mabano mapya, propela ikatwe, halafu ukaguzi ili logbuku isome injini mpya. Slivu, pistoni, ringi na gasketi zilinigharimu sh 41,000. Dizeli ilikuwa inakaribia mara nne. Wale wanaodhani nilibaki na injini ya zamani kwa sababu ya mapenzi hawajawahi kulipwa senti hamsini kwa neno.

Na kuna vitu nilivibadilisha bila kuomba msamaha. Pointi za ignisheni zilitoka, ikaingia ya kielektroniki. Mikanda ya viti ya pointi tatu ikafungwa ndani ya kebini. Taa za nyuma ni za LED, kwa sababu barabara ya Mombasa usiku ina malori yasiyokusamehe. Kabureta ya Solex iliyokuja na gari ilishatolewa kitambo. Iliyoko ni ya Datsun, imekaa juu ya bamba la alumini lililochongwa kwa tupa na mtu ambaye natamani ningekutana naye. Inakohoa asubuhi, kisha inatulia. Nimeiacha. Feni pia nimeiacha. Pijo ilitoka kiwandani na feni ya sumaku inayojitenga yenyewe injini ikiwa baridi, kitu cha kisasa sana kwa wakati wake. Fundi wa babu aliikaza kwa skrubu izunguke muda wote. Kitabu kinasema hivyo ni kupoteza mafuta. Kitabu hakijapanda Wundanyi kikiwa na watu kumi na wanne.

Nilikuwa naweka picha mtandaoni, na kupitia hizo akanipata jamaa wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani. Mtu mstaarabu. Aliijua 504 kuliko sisi sote, alinisimulia vile ilivyoshinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Alinieleza jinsi magari kama hayo yanavyopimwa kwenye maonyesho ya Ngong Racecourse, majaji wakiinama hadi chini ya gari kutafuta uchafu. Akaniambia pia kitu cha maana. Kwa kuwa gari linaloingizwa nchini halitakiwi kuzidi umri wa miaka minane, magari makuukuu ya kawaida tuliyonayo ndiyo hayohayo, hayaongezeki. Kila moja linalokatwa kuwa chuma chakavu, mengine yanapanda bei.

Akataja yake. Sh 420,000.

Sharti lake lilikuwa iwe stoki. Solex irudi. Rangi iwe krimu ya kiwandani. Fremu ya nyuma ikatwe. Matundu kumi na mawili yazibwe na yasionekane.

Nilikaa na namba hiyo siku tatu. Elfu mia nne na ishirini inalipa karo yote, inalipa semista zilizobaki, inanunua laptopu isiyozimika ukiigusa. Kijana wa bodi aliniambia matundu ni kazi ya nusu saa, sarafu ya bati kila tundu, grainda, puti nyepesi, kwisha. Kisha akanionyesha kitu. Sakafu ya bodi ilikuwa imeoza kwenye pembe zote, mahali maji ya mvua yanapotuama. Karibu na matundu, bati lilikuwa zima. Maji yalikuwa yanapitia pale yanaondoka. Matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya abiria ndiyo yalikuwa yameiokoa sakafu kwa karibu miaka ishirini baada ya abiria kushuka.

Sasa hebu niambie, stoki ni ipi? Pijo iliyotoka kiwandani ilikuwa mali ya kiwanda. Kama ni orijino ya kule, basi kila alichokifanya babu ni uharibifu, tunautengeneza. Kama ni orijino ya Wundanyi, yule jamaa ndiye anayetaka kuliharibu gari na kunilipa kwa kazi hiyo. Sisemi amekosea. Gari lake akishalilipia ni lake. Ila neno "kurudisha" linakulazimisha uchague unarudisha kwa nani, na mimi nilikuwa naombwa nichague mahali ambapo mtu wa kwangu hakuwepo.

Nikamleta mama yadi aione. Nilidhani itamlainisha. Alizunguka gari mara moja, mkoba kwapani, hakusema lolote mpaka alipofika nyuma. Akachungulia ndani ya bodi.

"Hili la tatu, kushoto," akaelekeza kwa kidole, "boliti yake ilikuwa inalegea. Ilinirarua sketi ya shule."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa makanga. Hakuwahi kuniambia. Likizo zote kuanzia 1991 hadi alipomaliza kidato cha nne, alikuwa nyuma ya Pijo hiyo akikusanya nauli Wundanyi, Mwatate, Voi, kwa sababu babu alisema hawezi kumlipa mtu wa nje wakati ana binti anayejua hesabu. Alinitajia nauli za kila kituo, na za mtoto, na za mzigo. Alikumbuka nani alikuwa halipi.

Nikasubiri aseme usiuze. Akasema, "Uza."

"Mama?"

"Uza, mwanangu. Gari lilikuwa la karo. Baba angeuza leo hii asubuhi." Halafu akapangusa mikono. "Lakini usimuuzie mtu gari ambalo hujalijua. Kwanza lipande."

Tukaenda Jumamosi iliyofuata, mimi, yeye na yule mzee wa injini ambaye alikataa katakata kuachwa. Kebini ya Pijo ni ya watu watatu wanaopendana. Mombasa hadi Voi ilienda kilomita sabini kwa saa bila malalamiko. Baada ya Mwatate barabara inaanza kujikunja, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine ni vichwa vya migomba. Nikaingiza gia ya pili, ile gia ya kwenye shingo ya usukani, na nikaiacha hapo. Feni inanguruma. Sindano ya joto ilipanda, ikapanda, ikasimama kidogo baada ya katikati, na haikusogea tena hadi juu. Mzee alikuwa ameishika dashibodi kwa viganja viwili kama daktari. Wundanyi tulipakia kreti za nyanya za jirani mmoja, apelekewe Kongowea kwa sh 9,000. Mwisho wa kupakia, nikiwa naangalia vioo, mama alitoa mkono dirishani akaugonga mlango kwa nje mara mbili. Twende. Sidhani kama alijua ameugonga.

Nilimwandikia yule jamaa kwamba gari linauzwa jinsi lilivyo, na fremu, na Datsun, na matundu, au haliuzwi. Alijibu kwa adabu kwamba atafikiria. Ni mwezi wa pili sasa anafikiria. Katika muda huo Pijo imefanya safari kumi na moja za nyanya na kabichi, imeonekana kwenye harusi moja na video moja ya muziki ambayo sitaitaja mpaka wanilipe. Kutoka humo nimetoa sh 20,000 kwa ile 84,000. Mama anaweka hesabu kwenye daftari lake, ukurasa wa kushoto Pijo, wa kulia chuo, na kila Jumapili ananionyesha ukurasa wa kulia kwanza.

Kazi haijaisha. Raba ya kioo cha mbele inavuja mvua ya upande. Mlango wa abiria unataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Geji ya mafuta imekwama kwenye robo tangu enzi za mjomba, kwa hiyo napima kwa kijiti cha mwarobaini, nimekitia alama za kisu kila lita kumi.